Bahari Iliyofungiwa Kiooni: Jinsi Maji ya Tangi la Matumbawe Lililotelekezwa Yanavyorejeshwa

Tangi la matumbawe ni chombo cha kioo chenye maji ya chumvi, mawe, mchanga na viumbe wa mwambani, ambamo mfugaji hujaribu kukusanya, katika lita 200 au 300 tu, mambo ambayo baharini huendeshwa na mikondo, mawimbi na maji kujaa na kupwa. Baharini kinyesi cha samaki mmoja hupotelea katika maji yasiyopimika, lakini tangini hakina pa kwenda, na kila chembe ya chakula inayotiwa humo hubaki humo kwa sura moja au nyingine mpaka mkono wa mtu, au kazi ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, uiondoe. Mkono huo ukikosekana kwa miezi kadhaa, iwe ni kwa sababu ya safari, ugonjwa au kuchoka kwa mwenye tangi, maji hubadilika hatua kwa hatua, na walio hai ndani yake hubadilika pamoja nayo. Hilo la pili ndilo linaloamua namna tangi litakavyoponywa, kwa kuwa samaki na matumbawe walioyazoea maji mabaya kidogo kidogo wanaweza kuuawa na maji mazuri yanayowajia kwa ghafla.

Dalili za nje hazihitaji utaalamu kuzitambua. Kioo huwa kimevaa utando wa kijani, mawe yameota mwani mrefu mfano wa nywele, na juu ya mchanga kumetanda utelezi mwekundu ambao, ijapokuwa wengi huuita mwani, kwa hakika ni sainobakteria, yaani jamii ya bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea. Maji yamekuwa ya manjano kama chai iliyopauka, kingo za tangi zimeganda chumvi, na matumbawe yaliyosalia yamejikunyata. Tumbawe, inafaa kukumbusha, si mmea wala si jiwe, bali ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipi, wanaojijengea kiunzi cha chokaa na kuhifadhi ndani ya nyama yao mwani wa seli moja, ambao hutumia mwanga kutengeneza sukari na kuwagawia wenyeji wao sehemu kubwa ya riziki yao.

Yaliyo magumu zaidi ni yale yasiyoonekana, na la kwanza kati ya hayo ni chumvi. Maji yanapopungua kwa joto, kinachopaa ni maji matupu na chumvi yote hubaki, hivyo tangi la lita 200 lenye sehemu 35 za chumvi katika kila sehemu 1,000 za maji, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha bahari ya wazi, likipoteza lita 20 bila kujaziwa hukaribia sehemu 39. Mfugaji asiyelijua hili huongeza maji ya chumvi mahali pa yale yaliyopaa, na kwa kufanya hivyo huzidisha tatizo, ilhali kinachotakiwa ni maji baridi yasiyo na chumvi, tena yaongezwe kwa siku kadhaa ili uchumvi ushuke kwa sehemu 1 au 2 tu kwa siku.

La pili ni mzunguko wa nitrojeni, ambao ndio moyo wa tangi lolote la samaki. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yao, na chakula kilichooza hutoa amonia hiyohiyo, nayo ni sumu. Kundi moja la bakteria waishio juu ya mawe na mchanga huigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia lakini ambayo ni mbolea kwa mwani. Ndani kabisa ya mawe yenye vitundu, mahali ambapo oksijeni haifiki, bakteria wa aina nyingine huivunja nitrati na kuirudisha kuwa gesi ya nitrojeni inayopotea hewani. Ndiyo maana mawe yaliyotoka baharini pamoja na viumbe vyake, ambayo wafugaji huyaita mawe hai, yana thamani kuliko kichujio chochote cha dukani. Lee Chin Eng wa Indonesia aliushangaza ulimwengu wa wafugaji mwaka 1961 alipoeleza namna alivyokuwa akitunza wanyama wa mwambani kwa mawe hayo, maji ya bahari na mapovu ya hewa, bila mitambo ya kuchuja iliyodhaniwa kuwa ya lazima wakati ule.

Kazi hii ya bakteria ina gharama yake, na gharama hiyo ndiyo huzeesha tangi. Kugeuza amonia kuwa nitrati huzalisha tindikali, na tindikali hiyo hula alkaliniti, yaani akiba ya maji ya kuzimua tindikali, inayotokana hasa na baikaboneti na kaboneti zilizoyeyuka humo. Kila gramu 1 ya nitrojeni ya amonia inayogeuzwa kuwa nitrati humaliza alkaliniti inayolingana na takribani gramu 7 za kaboneti ya kalsiamu. Katika tangi linalohudumiwa, maji mapya huijaza akiba hiyo kila wiki, lakini katika lililotelekezwa akiba hupungua, pH, ambayo ni kipimo cha ukali wa tindikali katika maji na ambayo tangini hutakiwa kuwa kati ya 8.0 na 8.4, hushuka, bakteria wenyewe hulegea kwa sababu maji yamewakataa, na amonia huanza kujikusanya.

Hapo ndipo penye mtego unaowanasa watu wenye nia njema. Amonia huwa majini kwa sura mbili: amonia yenyewe, inayopenya kwa urahisi katika mwili wa samaki na kumdhuru, na amoniamu, yenye chaji ya umeme, isiyo na madhara makubwa. Ni pH inayoamua ni kiasi gani kiwe katika sura ipi, kwani pH ikiwa chini karibu yote huwa amoniamu, na ikipanda sehemu kubwa zaidi hugeuka sumu. Tangi ambalo pH yake imeshuka hadi 7.4 linaweza kuwa na samaki wanaoogelea bila shida ndani ya maji yenye amoniamu nyingi, kisha mwenye tangi akamimina dawa ya kupandisha pH hadi 8.3 kwa mchana mmoja, akaongeza kiasi cha sumu takribani mara 7 bila kuingiza amonia mpya hata tone moja. Samaki wakifa jioni ile, lawama hutupiwa dawa au muuzaji, kumbe kilichoua ni haraka.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupima kabla ya kugusa. Vinavyopimwa ni joto, uchumvi, pH, amonia, nitriti, nitrati, fosfeti, alkaliniti, kalsiamu na magnesiamu, na matokeo huandikwa daftarini pamoja na saa ya kipimo, kwa sababu pH hupanda mchana mwani unapofyonza kaboni dioksaidi na kushuka usiku unapoitoa, na namba isiyo na saa yake haina maana kubwa. Uchumvi hupimwa vizuri zaidi kwa refraktometa, kifaa kinachotazama jinsi mwanga unavyopinda ndani ya tone la maji, mradi kiwe kimesahihishwa kwa kimiminika cha kipimo chenye chumvi ya sehemu 35, si kwa maji matupu.

Siku hizo za mwanzo kazi ya mikono ni ya usafi wa mitambo na hewa. Pampu zilizoganda chokaa hulazwa katika siki iliyozimuliwa mpaka zilainike, kisha husuuzwa. Sifongo na vitambaa vya kuchujia vilivyojaa uchafu huondolewa. Na uso wa maji husukwasukwa ili oksijeni iingie na kaboni dioksaidi itoke. Samaki hupunguziwa chakula, jambo ambalo wenye huruma hulikwepa, ingawa ni dawa ya bei nafuu kuliko zote, kwa kuwa karibu nitrati na fosfeti yote iliyomo tangini iliingia kupitia chakula.

Maji mapya ndiyo nguzo ya uponyaji wenyewe, na ubora wake huanzia kwenye maji ya kuchanganyia chumvi. Maji ya bomba huwa na klorini au kloramini iliyotiwa ili kuua vijidudu, na yanaweza kuwa na nitrati, fosfeti, silika, na shaba iliyochubuka kutoka mabombani, ambayo hata ikiwa kidogo sana huua kamba, konokono na matumbawe. Wafugaji makini hutumia maji yaliyosukumwa kupitia utando wa osmosi ya kinyume, unaozuia karibu kila kitu isipokuwa maji, kisha yakapitishwa katika chembe za utomvu zinazonasa chumvichumvi zilizoponyoka. Chumvi maalumu ya tangi huchanganywa humo kwa kiasi cha gramu 35 hadi 40 kwa lita, maji huzungushwa kwa pampu kwa saa 24, hulinganishwa joto na uchumvi na yale ya tangini, na ndipo hutumika. Kumwaga chumvi kavu moja kwa moja ndani ya tangi lenye viumbe ni kosa lisilosameheka, kwa kuwa kila punje inayomwangukia polipi humuunguza.

Hesabu ya kubadilisha maji huwavunja moyo wengi. Tangi lenye miligramu 80 za nitrati kwa lita likibadilishwa asilimia 15 ya maji yake kila wiki, na ikadhaniwa kwamba hakuna nitrati mpya inayozaliwa, baada ya wiki 6 bado litabaki na miligramu 30 hivi. Kubadilisha asilimia 80 kwa siku moja kungelifikisha miligramu 16 mara moja, na kwa mtu anayetazama namba peke yake hiyo ndiyo njia ya mkato, lakini mabadiliko hayo yangegusa pH, alkaliniti, uchumvi na joto kwa pamoja, na viumbe walionusurika miezi ya uchafu wasingenusurika mchana wa usafi. Ipo hali moja inayobadili hukumu hii, nayo ni amonia au nitriti inapokuwa juu huku samaki wakitweta juu ya maji. Hapo mabadiliko makubwa hufanywa, lakini kwa maji yaliyosawazishwa kwanza na yale ya tangini, hata katika pH yake.

Hata hivyo maji huwa safi wiki moja na kuchafuka tena wiki ifuatayo, na mfugaji asiyeelewa sababu huamini kwamba chumvi aliyonunua ni mbovu. Ukweli ni kwamba tangi lina kumbukumbu. Fosfeti hunata juu ya kaboneti ya kalsiamu, yaani juu ya mawe na mchanga wenyewe, na baada ya miezi ya kulisha kupita kiasi mawe hayo huwa yamesheheni; fosfeti ya majini ikipunguzwa, mawe huachilia nyingine mpaka usawa urudi. Chembe za oksidi ya chuma zinazowekwa ndani ya kichujio huinasa fosfeti hiyo, lakini hutiwa kidogo kidogo na kubadilishwa mara kwa mara kwa wiki nyingi, kwani matumbawe nayo yanahitaji fosfeti kiasi ili kuishi, na kuwanyang'anya yote kwa ghafla huwafanya wapauke na kuvuliwa nyama yao. Lengo la wengi ni kati ya miligramu 0.03 na 0.1 kwa lita.

Mchanga nao unataka heshima. Safu yake ya chini, iliyokosa oksijeni, inaweza kuwa nyeusi na yenye haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza ambayo ni sumu kali kwa samaki, na anayeukoroga wote kwa siku moja huiachilia yote majini. Kinachofaa ni kunyonya uchafu kwa mrija katika robo moja ya sakafu, kuziacha robo nyingine, na kurudi wiki ifuatayo. Mawe vilevile hayasuguliwi yote kwa pamoja, kwa kuwa bakteria wanaosubiriwa waiokoe hali wamo juu yake. Hupulizwa kwa maji kutoka katika pampu ndogo ya mkono ili matope yaliyojificha vitunduni yaelee na kunaswa na kichujio.

Mashine moja inastahili kusifiwa kwa jina, nayo ni kichujio cha povu. Mtu aliyetembea ufukweni siku ya upepo mkali ameliona povu la rangi ya kahawia linalosukumwa na mawimbi juu ya mchanga. Povu hilo hutokana na mabaki ya viumbe, ambayo molekuli zake zina upande mmoja unaopenda maji na mwingine unaoyakimbia, hivyo hujipanga juu ya ngozi ya mapovu ya hewa. Kichujio cha povu hufanya hivyohivyo ndani ya bomba, kikiwasilisha katika kikombe uchafu mzito ambao haujawahi kuoza na kuwa amonia, na tofauti na vichujio vingine kinauondoa kabisa majini badala ya kuubadilisha sura. Kwa upande wa mwani mrefu, mkono wa mtu huung'oa na viumbe hula masalia: konokono wa mwambani, na samaki wa jamii za kangaja na tasi, ambao wavuvi wa pwani wanawajua vizuri kama walaji wa majani ya baharini. Kuwanunua samaki hao kabla maji hayajatengemaa, hata hivyo, ni kuongeza midomo na kinyesi katika nyumba iliyokwisha kuchafuka.

Amonia ikishafika sifuri na kubaki hapo, ndipo alkaliniti hupandishwa. Wafugaji huipima kwa digrii za Kijerumani za ugumu wa kaboneti, na hutaka iwe kati ya digrii 7 na 11. Gramu 3 za baikaboneti ya sodiamu, unga mweupe ambao waokaji huutumia kuumulia keki, zikiyeyushwa kwanza pembeni, huipandisha kwa takribani digrii 1 katika lita 100, na digrii hiyo moja inatosha kwa siku. Magadi ya kuchemshia maharage hayafai, maana yana kaboneti kali inayopandisha pH kwa kishindo na uchafu usiojulikana wa ziwani.

Kwa kalsiamu, ambayo hutakiwa kuwa miligramu 400 hadi 450 kwa lita, msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana ufunguo karibu naye. Nyumba za kale za Lamu, Mombasa na Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo katika tanuu: moto hufukuza kaboni dioksaidi kutoka katika kaboneti ya kalsiamu, na kinachobaki, kikizimwa kwa maji, huwa haidroksaidi ya kalsiamu, ambayo ukutani huifyonza tena hewa hiyo taratibu na kurudi kuwa jiwe. Wafugaji wa Ulaya, Peter Wilkens akiwa miongoni mwa waliolieneza jambo hilo, waligundua kwamba maji ya chokaa, yaani gramu moja na nusu hivi ya haidroksaidi safi iliyoyeyushwa katika lita 1 na kuachwa itulie, yakidondoshwa tone kwa tone usiku mahali pa maji yaliyopaa, huwapa matumbawe kalsiamu na alkaliniti kwa uwiano uleule wanaoutumia kujijengea kiunzi. Ni mzunguko mmoja uliokamilishwa: tumbawe lilikuwa chokaa, na chokaa inarudi kuwa tumbawe. Tahadhari yake ni kwamba maji hayo yana pH inayozidi 12, na chokaa ya ujenzi haitumiki kwa sababu ya uchafu wake.

Umuhimu wa akiba hiyo ya kaboneti ulionekana kwa ukubwa usio wa kawaida huko Arizona, Marekani, katika jengo la kioo liitwalo Biosphere 2, ambamo watu 8 walijifungia kuanzia Septemba 1991 hadi Septemba 1993 pamoja na msitu, shamba na bahari ndogo ya takribani lita milioni 2.6 yenye matumbawe. Udongo wenye rutuba nyingi ulipumua kaboni dioksaidi kwa wingi kiasi kwamba wakati wa baridi, jua lilipopungua, hewa ya ndani ilizidi sehemu 4,000 za gesi hiyo katika milioni, wakati hewa ya nje ilikuwa na sehemu 355 hivi. Zege la jengo lilifyonza sehemu ya gesi hiyo, kwa njia ileile ambayo ukuta wa chokaa hukauka na kuwa jiwe, na sehemu nyingine iliingia baharini na kuishusha pH yake. Abigail Alling, mmoja wa watu hao 8, na wenzake waliitibu bahari hiyo kwa kutia baikaboneti na kaboneti, kung'oa mwani kwa mikono na kuendesha vichujio, na sehemu kubwa ya matumbawe ikaishi. Baadaye, Chuo Kikuu cha Columbia kiliposimamia jengo hilo, Chris Langdon na wenzake walibadilisha kemia ya bahari hiyo kwa makusudi, na mwaka 2000 wakachapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kasi ya matumbawe na mwani wa chokaa kujenga viunzi hupungua kadiri kaboneti inavyopungua majini. Tangi lililopata shida kwa kasoro za uangalizi wa hewa likawa mwalimu wa bahari zote.

Hatua ambayo hata wenye uzoefu huisahau ni ile ya mwanga. Umanjano wa maji ya zamani hunyonya mwanga wa buluu na urujuani, na matumbawe yaliyoishi humo yamezoea kiza hicho. Makaa yaliyoamilishwa, yaani makaa yenye vitundu vingi mno yanayonasa rangi na kemikali, huyafanya maji yang'ae kwa siku 2 au 3, na ghafla taa ileile inakuwa kali kupita kiasi. Mwani ulio ndani ya polipi hulemewa, hutoa kemikali za kudhuru, na polipi huutema; huko ndiko kupauka, jambo lilelile lililoikumba miamba ya Afrika Mashariki mwaka 1998 kwa sababu ya joto la bahari. Kwa hiyo siku makaa yanapowekwa, taa hupunguzwa nguvu au saa, kisha huongezwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Baada ya miezi miwili au mitatu ya mwendo huu, mabadiliko huonekana kwanza mahali pasipotazamiwa. Mwani wa chokaa wenye rangi ya zambarau huanza kutandaa juu ya mawe kama madoa ya rangi, polipi hujifungua usiku wakinyoosha mikono yao midogo kutafuta chakula, na daftarini kalsiamu, ambayo ilikuwa imetulia kwenye namba moja kwa wiki nyingi, huanza kushuka miligramu chache kila siku pamoja na alkaliniti. Anayeiona namba hiyo kwa mara ya kwanza hudhani tangi limeanza kuugua upya, ilhali nitrati haijapanda na samaki wanakula: kalsiamu inapungua kwa sababu matumbawe yameanza tena kujenga.